Haan Iliyooshwa kwa Sabuni

Raheli hakuwa na nia mbaya. Hilo nalisema mapema, maana watu wa Shume kwa kusema hawajambo, na mpaka leo wapo wanaodai alifanya makusudi. Makusudi gani? Mwanamke yule ni msafi kupita kiasi, basi. Sufuria zake unaweza kujitazama ndani ukafunga kilemba. Ua wake hufagiwa asubuhi na jioni, na Jumapili kabla ya kwenda kanisani hufagiwa tena. Sasa mtu wa namna hiyo umwachie chombo cheusi kinachonuka moshi kwa wiki mbili nzima, unategemea nini?

Chombo chenyewe kilikuwa haan ya Bi Shamsa, jirani yake wa ng'ambo ya mfereji. Haan ni chombo cha Wasomali cha kuwekea maziwa. Hakifinyangwi wala hakichongwi, kinasukwa kwa nyuzi za mizizi, mzunguko juu ya mzunguko, na kukazwa mpaka maji yanakosa pa kupita. Nacho hakioshwi kwa maji. Unachoma kijiti cha mzeituni pori, unakitia ndani kingali kinafuka, unafunika, unatikisa, halafu unapangusa masizi kwa kitambaa. Moshi ndio sabuni yake. Moshi huo pamoja na mafuta ya maziwa ya miaka ndio unaoziba vitundu. Haan ile ilisukwa na mama yake Shamsa kabla Shamsa hajaota meno, na ilikuwa kitu pekee cha mkono wa mama kilichobaki duniani.

Shamsa alizaliwa Mazinde, chini kule kwenye joto, kando ya barabara kuu. Baba yake alikuwa Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyefika na mifugo akapapenda akakaa. Zuberi, kijana wa Kishambaa, alishuka siku moja kuuza kabichi, akamwona Shamsa akipita na ndoo, akasahau bei ya kabichi. Ndoa ikafungwa, bibi harusi akapandishwa mlimani kwenye baridi, na kwa mwaka mzima alilala na soksi. Leo ana miaka sitini na mbili, ana wajukuu, na Kishambaa chake bado kinawachekesha watoto. Akikusalimia "onga maundo" asubuhi, utadhani anakugombeza.

Anaishi kwa mtindi. Ana ng'ombe wawili bandani, na maziwa yao huyagandisha kwenye vibuyu alivyovifukiza kwa desturi ya kwao. Mwanzoni watu wa mlimani waliuonja wakakunja nyuso, wakasema Bi Shamsa ameunguza maziwa. Siku hizi kwenye soko la Lukozi usipowahi unakuta ameshakunja mkeka. Wako wanaomwambia wazi kuwa ugali bila mtindi wa moshi haupandi. Zuberi hupenda kusema kwamba yeye alioa mke akapewa na kiwanda.

Lakini haan ya mama haikuwa ya mtindi wa kuuza. Ile ilikuwa na kazi moja kwa mwaka, na ili uielewe lazima nikurudishe nyuma kidogo.

Miaka minane iliyopita, kiangazi kikali, ng'ombe wa Warsame, kaka yake Shamsa, walipandishwa kutoka Mazinde kutafuta malisho. Alfajiri moja waliingia kwenye kabichi za Nathanaeli, mume wa Raheli, wakazila mpaka mashina. Nathanaeli akakamata ng'ombe watatu. Wachungaji wakaja kuwadai, panga likatoka, mkono wa mtu ukachanwa. Miaka miwili majirani wale hawakusalimiana. Hebu fikiria hali ya Shamsa: huku kaka wa tumbo moja, huku jirani aliyempokea Ismaili, mtoto wake wa kwanza, mikononi. Akienda kisimani Raheli anageuza uso. Akipiga simu Mazinde kaka anamuuliza kama bado anaishi na wale watu.

Mwisho alichoka. Akawaambia wote wawili kwamba kwao, watu wakiumizana, wazee hukaa, kila upande unasema kosa lake mwenyewe na si la mwenzake, fidia inakubaliwa, halafu maziwa yanawekwa katika chombo kimoja na wote wanakunywa humo. Ukishakunywa, neno limekwisha. Nathanaeli alisita, akaenda kumuuliza mchungaji wa usharika, mchungaji akamwambia hajaona andiko linalokataza maziwa. Wakakaa. Wakakubaliana hivi: kila mwaka mahindi yakishavunwa, ng'ombe wa Warsame watapanda kwa wiki tatu, watakula mabua kwenye mashamba ya Nathanaeli na jirani zake, na samadi itabaki shambani. Kabla mnyama hajakanyaga shamba, pande zote mbili zitakunywa maziwa kutoka kwenye haan ya mama yao Warsame na Shamsa. Tangu hapo viazi vya Nathanaeli vimekuwa vikubwa mpaka watu wanaulizana anaweka dawa gani, na ng'ombe wa Warsame hawajafa tena kwa njaa.

Basi mwaka huu, wiki nne na siku chache kabla ya siku hiyo, Shamsa akaitwa Tanga kwa binti yake aliyejifungua. Zuberi naye alikuwa anaezua paa la jikoni, vumbi na mabati kila mahali. Shamsa akaona haan isije ikakanyagwa na mafundi, akampelekea Raheli amtunzie. Raheli aliipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Alijua kwamba haan hufukizwa. Alichokuwa hajui ni kwamba haioshwi. Yeye alidhani inaoshwa kwanza, kisha inafukizwa ili inukie, na akasikitika kwamba mwenzake kwa sababu ya uzee na haraka ya safari ameiacha na weusi wote ule ndani. Akasema moyoni, ngoja nimtendee wema. Akachemsha maji. Akatia sabuni ya unga. Akailoweka usiku kucha, akaisugua kwa steeli waya, akaianika juani siku tatu. Ikatoka nyeupe pe, mpaka akaiita familia nzima ije kuona.

Shamsa aliporudi, Raheli alimpelekea mwenyewe, imefunikwa kitambaa cha mezani kilichopigwa pasi. Shamsa akafunua.  Aliingiza pua ndani, na badala ya mama yake akasikia harufu ya nguo zilizofuliwa. Akamimina kata moja ya maji. Maji yakatoka kila upande kama kwenye chekecheke, na alipogusa kitako kwa kidole, kidole kikatokea upande wa pili.

Raheli alipoelewa alichofanya, alikaa chini palepale kwenye tope la mlangoni, yeye Raheli asiyekaa hata kwenye kiti kabla hajakipangusa. Alilia. Shamsa alitaka kumkasirikia, wallahi alitaka, lakini utamkasirikiaje mtu aliyekaa kwenye tope? Akamwinua, akaenda kuinjika chai.

Kwa siku tatu alijaribu kuitibu. Akaifukiza, akaipaka samli, akaifukiza tena, lakini moshi haukushika wala sabuni haikutoka. La kuvunda halina ubani. Na Warsame angefika baada ya siku kumi na tano.

Hapo ndipo hofu ilipomkamata. Warsame si mtu mbaya, ila ana hasira za karibu, na mwaka uliopita aliishika ile haan akasema mbele ya wote kwamba maadamu ipo, mama yao bado ni shahidi. Isitoshe, vijana wa Mazinde walikwisha anza kunung'unika kwamba kupandisha ng'ombe mlima wote ule ni ushamba, na vijana wa Shume nao walikuwa wanasema afadhali mabua yauzwe. Mapatano yalikuwa yanangojea kisingizio tu. Sasa kisingizio hiki hapa, cheupe, kinanukia sabuni. Shamsa aliona miaka miwili ile ya kutosalimiana inarudi, na safari hii yeye ni mzee, hana nguvu ya kuanza upya.

Raheli ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Si Mama Ismaili ni fundi? Asuke nyingine. Yeye atanunua kila kitakachohitajika, atalima shamba lake, atamkamulia ng'ombe.

 Zuberi, aliyekuwa juu ya paa, akaacha kugonga msumari.

Ukweli ni kwamba Shamsa hakujua kusuka haan. Hakuwahi kujua. Alijua kufukiza, alijua kushona ukingo uliofumuka, na kwa kuwa watu wa mlimani walimwona na sindano ya shazia mkononi wakamwita fundi, naye hakukanusha. Jina la fundi ni tamu. Utotoni mama yake alimkalisha chini mara ngapi kumfundisha, yeye akakimbilia kucheza rede kando ya reli. Alibakiwa na wimbo tu, ule ambao mama aliuimba akisuka, kwa kuwa wimbo huingia masikioni hata ukiwa unakimbia. Mama alipofariki, Shamsa alikuwa ameshaolewa, ana mimba ya pili, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Miaka thelathini na tano ameificha aibu hiyo. Lakini mficha uchi hazai, kwa hiyo alikaa sawa, akawaambia.

"Mimi si fundi, Mama Kristofa. Sikuwahi kusuka hata moja."

Raheli alimtazama. Juu ya paa Zuberi akakohoa, akasema kwamba basi yeye alidanganywa sokoni, lakini bidhaa ameshaizoea hawezi kuirudisha. Shamsa akacheka bila kutaka, machozi yakiwa yanamtoka, na akajisikia mwepesi kama mtu aliyetua tenga la viazi.

Sasa Raheli, pamoja na usafi wake wa kuudhi, ni msukaji wa vikapu. Vikapu vyake hubebwa mpaka Lushoto mjini, wageni wananunua. Aliichukua ile haan iliyoharibika, akaigeuza, akapitisha vidole kwenye mshono, polepole, akisema peke yake kwa Kishambaa. Halafu akasema kwamba mkono uliosuka hiki anaweza kuusoma, ila kwa sharti moja tu: lazima kifumuliwe.

Hapo Shamsa alikataa. Akaichukua, akaingia nayo ndani, akafunga mlango. Kuifumua haan ya mama yake? Mshono ambao mama aliukaza kwa meno, maana alikuwa akikaza kwa meno, Shamsa aliona kwa macho yake? Alikaa nayo mapajani siku nzima, hakupika. Zuberi alikula ndizi za kuchoma bila kulalamika, jambo ambalo katika nyumba ile ni la kuandikwa. Jioni alimwambia mkewe neno moja tu, kwamba chombo hicho tayari kimekufa, sasa achague kama anataka kukizika au anataka kirithiwe.

Asubuhi yake Shamsa akavuka mfereji, akampa Raheli haan na shazia. Yeye mwenyewe hakuweza kukata uzi wa kwanza.

Zuberi alishuka tambarare kuchimba mizizi, kwa siri, mbali na Mazinde asije akaonwa na shemeji yake. Alirudi na mzigo na miiba mwili mzima. Wanawake wakaketi barazani kwa Raheli, mmoja anafumua na kuangalia, mwingine anachambua nyuzi. Cha kwanza walichosuka kilikuwa kikombe kidogo, kikavuja. Cha pili kikavuja. Cha tatu kikapinda mdomo kama mtu anayebeza. Raheli alikasirika, akasema kuna kitu hakioni. Mizunguko ya mama haikuwa sawa, mahali fulani uzi ulibadilishwa na mahali fulani ukarukwa, na yeye hakuona kanuni yake.

Shamsa alikuwa anachambua nyuzi huku anaimba, bila kujua kama anaimba. Ulikuwa ule wimbo wa mama. Ni wimbo wa kuisifu haan: kwamba itajaa, kwamba mgeni atakunywa, kwamba msichana aliyeisuka ataolewa na mtu mpole. Raheli akamwambia arudie. Akarudia. Arudie tena, polepole. Raheli akaishika kazi ya mama mkononi, akafuata mshono kwa ukucha, na kila ubeti ulipokwisha, ukucha ulikuwa umefika palepale uzi ulipobadilishwa. Walijaribu mara nne. Kumbe ule wimbo mama alikuwa akiupimia kazi. Mkimbiaji wa rede alikuwa amekwenda nao kichwani maisha yake yote, hajui kama amebeba kipimo.

Basi tangu siku hiyo ikawa hivyo: Shamsa anaimba, Raheli anasuka. Raheli wa kwaya ya Kilutheri hakuelewa neno hata moja, lakini pumzi anajua wapi ishushwe. Nathanaeli akipita na jembe anatikisa kichwa. Kwenye kitako, ambako haan ya zamani ilikuwa imeoza na mshono hausomeki tena, Raheli alifunga kwa fundo lake la vikapu vya mlimani, maana hakuwa na lingine. Siku ya kumi na mbili haan ikakamilika. Waliifukiza kutwa nzima, wakaipaka samli, wakaifukiza tena. Walipotia maji yalikaa. Tone moja lilijikusanya chini, likafikiri, likaanguka. Tone moja tu. Wakakubaliana kwamba haan mpya yoyote hutoa jasho.

Warsame alifika siku aliyosema. Ng'ombe walipandishwa na vijana kwa njia ya mlimani, yeye mwenyewe alikuja kwa bodaboda, mzee wa miaka sabini na ushee, ndevu nyekundu kwa hina, fimbo mkononi. Raheli akatoa shikamoo akiwa ameinama kuliko kawaida. Mikeka ikatandikwa ukingoni mwa shamba. Nathanaeli na jirani zake upande huu, Warsame na vijana wake upande ule, Shamsa katikati kama kila mwaka, na haan mbele yake imejaa.

Warsame aliipokea, akaiinua mpaka usawa wa uso. Hakunywa. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, akaigeuza kidogo, akatazama kitako.

"Hii si ya mama," alisema.

Shamsa alifungua mdomo, na Mungu anajua angesema nini, lakini Raheli alikwisha simama. Desturi alikuwa ameishika tangu mwaka ule wa mapatano: kila mtu anasema kosa lake mwenyewe. Akasema kwamba ya mama aliiharibu yeye. Aliiosha kwa maji ya moto na sabuni akidhani anafanya heshima, na akaitoboa. Hii ameisuka yeye kwa sauti ya Mama Ismaili, na kitako ni cha Kishambaa kwa sababu hakukuwa na namna. Hakujitetea zaidi. Nathanaeli naye akasimama karibu na mkewe, na vijana wa Mazinde wakatazamana.

Warsame akaomba kuiona ile ya zamani. Shamsa akaenda akaileta ndani ya kanga: nyuzi tupu zilizojikunja, nyeupe, na kipande cha ukingo. Mzee alizishika. Alizileta puani akazinusa, na uso wake ukaonyesha kwamba hakukuta alichokitafuta.  Ng'ombe walikuwa wanalia nyuma ya kitalu cha miti, wanasikia harufu ya mabua, na hakuna aliyethubutu kutikisika. 

Halafu Warsame akamtazama Raheli, akamwambia kwamba kwao anayeharibu hulipa, na yeye ndiye aliyeharibiwa, kwa hiyo fidia ataitaja yeye. Raheli akaitikia kwamba ndivyo.

"Nina mabinti wanne na wakamwana wawili," Warsame alisema. "Maziwa wanaweka kwenye madumu ya mafuta. Hakuna hata mmoja anayejua kushika uzi, na mimi nilinyamaza kwa sababu nilidhani elimu hiyo ilizikwa na mama. Utashuka Mazinde, mwanangu, uwafundishe mpaka wajue."

Raheli alifikiri kidogo, kama anayekadiria siku za viazi. Akajibu kwamba atashuka baada ya kupanda, na atakaa muda wowote utakaotakiwa, ila hawezi kwenda peke yake, wimbo haujui.

Warsame akamgeukia dada yake. Akamwambia na yeye aje. Nyumba ile ya mama haijausikia wimbo huo tangu siku walipomzika, na yeye kila akipita barazani huhisi kuna kitu kimepungua asijue ni nini. Ndipo akasema bismillahi, akainua haan, akanywa mikupuo mitatu. Tone likamwangukia kwenye kanzu. Akalitazama, akasema moshi bado haujatosha, akampa Nathanaeli.

Shamsa alilia mbele ya watu wote, kilio cha wazi, ncha ya kanga mdomoni, mwanamke mzima wa miaka sitini na mbili. Hakuna aliyembembeleza. Haan ilikuwa bado inapita mkono kwa mkono, na kila mmoja alikuwa anangojea zamu yake.